Nusu Mshahara, Mashine Nzima

Mhasibu wa shule ninayofundisha, hapa Kakoba, mjini Mbarara, hana desturi ya kuniita. Mshahara huingia kwenye simu, hati ya malipo naichukua kwa katibu, na nisipokwenda mwenyewe kuomba advansi, mimi na yeye husalimiana tu kwa kuinua mikono tunapopishana penye bomba la maji. Kwa hiyo siku alipotuma mtu kuniambia kuna bahasha ya serikali inayonihusu, walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari waliinuka kunipa mkono.

“Mwalimu, umepata ndege!”

Mkimbizi akipata bahasha ya serikali, watu wote wa Mbarara na wa kambi ya Nakivale hufikiria jambo moja tu: amechaguliwa kwenda kuishi nchi ya mbali, kwenye theluji na bima ya afya. Ningependa kuandika kwamba mimi, mtu wa chuo kikuu, nilitabasamu kwa hekima nikawaambia wangoje. Sivyo. Kati ya chumba cha walimu na ofisi ya mhasibu hakuna hata hatua hamsini, na katika hatua hizo nilikuwa nimeshauza kitanda, nimeshaagana na mwenye nyumba, na nimeshaanza kulalamika juu ya baridi.

Mhasibu ni mwenyeji wa hapa, mama wa Kinyankore mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Marehemu mumewe alikuwa askari, na Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi za jeshi, kwa hiyo hata akikukaribisha chai unahisi umeamrishwa.

“Mwalimu, kaa chini.”

“Nitasimama tu, mama.”

“Mimi nasema kaa. Hii barua si ya kusimama.”

Nikakaa. Barua ilitoka ofisi ya kodi, na wala haikuandikiwa mimi, iliandikiwa shule. Mimi nilikuwa habari tu ndani yake. Ilisema nina deni la kodi ya biashara la miaka kadhaa, pamoja na faini za kutopeleka hesabu, na kwamba kuanzia mwezi huo shule inafanywa wakala wa kulikusanya: izuie nusu ya mshahara wangu kila mwezi na kuipeleka huko mpaka deni liishe. Shule ikikaidi, italipa yenyewe.

“Wewe iko na biashara, ssebo?” Ssebo ni bwana, kwa lugha za hapa.

“Sina.”

“Hapa nasema iko. Mashine ya kusaga. Nakivale.” Alivua miwani akanitazama. “Iko na mashine nzima, na kila mwezi nakuja kwangu kuomba advansi! Banange! Tajiri najificha kwa chaki!”

“Mama, kuna makosa hapa.”

“Makosa iko. Lakini si yangu. Wakiniambia kata, nakata. Nikikataa, watakata mimi.”

Nilitaka kubisha zaidi, lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha kufika penye namba ya mlipakodi. Niliitambua. Niliiandikisha mwenyewe, kwa mkono wangu huu huu, na siku ile niliondoka nikipiga mluzi.

*

Nilifika Uganda na begi moja: suruali mbili, shati, na shahada yangu ndani ya mfuko wa nailoni, maana mtu hukimbia na kile anachodhani kitamwokoa. Pale Kabazana, wanapopokewa wageni kabla ya kupewa viwanja, walitulaza katika hangari moja ndefu. Mkeka wangu ulipakana na wa mama mmoja mjane wa kwetu Kivu ya Kusini, muuza unga na mawese, mwenye watoto wanne. Wiki ya kwanza nilishikwa na homa. Yeye ndiye aliyenikatia nusu ya blanketi lake, kweli kweli, kwa wembe, na ndiye aliyenishikia nafasi kwenye foleni ya kuandikishwa, akiwaambia wote waliotaka kupenya, “Hii fasi iko na mwenyewe. Anatapika tu kidogo, anarudi.”

Watu waliolala hangari moja Kabazana wana undugu wao. Huitana hivyo hivyo: huyu ni hangari yangu. Hangari yako atakuja kwenye arusi yako hata kama amehamia kijiji cha mwisho, atakaa matanga yako mpaka mwisho, na zaidi ya yote, watu wa hangari moja hawapelekani ofisini. Si polisi, si kwa kamanda wa kambi, si popote penye meza na muhuri. Wakigombana humtafuta hangari wa tatu, hunywa chai kwake, wakamalizana. Sijawahi kuiona sheria hii imeandikwa, wala sijawahi kuiona imevunjwa. Sote tulianza maisha ya hapa tukiwa tumesimama mbele ya dirisha la ofisi, na hakuna anayetaka kuwa mtu wa kumrudisha mwenzake dirishani.

Miaka ilipita. Mke wangu alinifuata pamoja na binti yetu. Nikapata kazi Mbarara, kwa kuwa Kiswahili na Kifaransa ni mazao mawili ambayo Wakongo tunayauza bila kulima. Hangari yangu alibaki Nakivale, akachanga na kukopa mpaka akanunua mashine ya kusaga mahindi. Shirika moja lililokuwa likilisha watoto wa shule likataka kununua unga wake, ila likamtaka muuzaji awe na namba ya kodi. Kitambulisho chake kilikuwa kimekwisha muda na kipya hakijatoka. Akanipigia simu, kwa Kiswahili chetu cha Kivu ambacho “ndiye” na “ndiyo” zake ni “njo”.

“Profesa, weye njo ulisoma. Enda utafutie mashine kartasi.”

Ameniita Profesa tangu hangarini, na hadi leo sijajua kama ni heshima au ni dawa ananinywesha.

Nilikwenda kwenye duka moja la mtandao nikaandikisha biashara kwa jina langu. Kwa muda tu, tulikubaliana. Kitambulisho chake kikitoka tutageuza. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka fomu iliponiuliza: unatarajia kuuza kiasi gani kwa mwaka?

Tangu nivuke mpaka nimejaza fomu nyingi kuliko vitabu nilivyosoma, na zote huuliza swali moja: umekosa nini? Nyumba inavuja? Mnakula mara ngapi? Kuna mgonjwa, kilema, mjane? Mtu hujifunza kujibu. Hujifunza kuinamisha shingo hata katika maandishi. Na sasa, kwa mara ya kwanza tangu Kabazana, karatasi ya serikali ilikuwa inaniuliza nina nini. Nilikaa wima kwenye kiti. Niliandika kiasi nilichodhani ni cha kweli. Nikakitazama. Nikakiona kimekonda, kitanitia aibu mbele ya afisa atakayekisoma huko Kampala. Nikakiongezea sifuri.

Mwenye duka alichungulia juu ya bega langu. “Mzee, mko vizuri,” akasema, kisha akanitoza bei ya mzee aliye vizuri.

Shirika lilinunua unga muhula mmoja, mradi wake ukaisha. Mimi nilidhani biashara ikifa, namba yake huzikwa nayo. Laini ya simu niliyoiandika kwenye fomu ilipotea pamoja na simu yenyewe. Mashine ikaendelea kuwasagia watu mahindi yao, mimi nikaendelea na darasa, na mahali fulani ndani ya kompyuta tajiri wangu wa kubuni akaendelea kuuza unga mwaka baada ya mwaka bila kulipa hata senti.

*

Nilipotoka kwa mhasibu sikuweza kurudi kufundisha. Miguu ilitaka kwenda. Niliipa ruhusa, ikanivusha mji mzima mpaka Ruharo, ambako mke wangu hushona nguo kwenye baraza la duka, karibu na njia ya hospitali ya misheni. Alikuwa na pini mdomoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikihamia mguu huu na ule, naye akawa anazitoa pini moja baada ya nyingine, jambo ambalo kwake ni sawa na mwanamume kuvua koti ili apigane.

“Mashine ni ya nani?”

“Unajua ni ya nani.”

“Basi uende useme ni ya nani. Kinywa si uko nacho?”

“Yule ni hangari yangu.”

“Hangari yako. Na miye niko nini, shitingi?”

Shitingi ni yale maturubai ya plastiki tunayopewa kuezekea siku za kwanza. Mteja aliyekuwa anapimwa sketi, Mkongo mwenzetu, alicheka mpaka sketi ikamponyoka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameshapiga hesabu. Nusu ya mshahara wangu ilikuwa karibu sawa na pango la vyumba vyetu viwili vya Kakoba. Tukiikosa, tungerudi Nakivale kwenye kiwanja ambacho nyumba yake ilishaanguka, na binti yetu angeiacha shule ya mjini.

“Itakatwa mpaka lini?”

“Mpaka deni liishe.”

“Na litaisha lini?”

Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo njiani. Binti yetu yuko darasa la sita. Kwa mwendo ule deni lingeisha akiwa na watoto wake wawili.

Lakini kumtaja hangari yangu kulikuwa na upande wake. Mjini hapa nimeona maduka yaliyopigwa kufuli na watu wa kodi, karatasi imebandikwa mlangoni, na mwenye duka ameketi kwenye ngazi kama mtu anayesubiri maiti. Nikienda kusema kwamba mashine ni ya mwanamke fulani wa Nakivale ambaye hajawahi kulipa chochote, ni nini kitawazuia kuifuata? Wawili kati ya watoto wake bado wanasoma, na nyumba nzima inakula kwa mashine ile. Mambo yalikuwa hayo tu: kufuli kwenye mlango wake, au godoro letu juu ya lori.

Nilichagua njia ya tatu, ambayo ndiyo njia ya wasomi. Sikufanya chochote, ila kwa uchungu mwingi.

Jumamosi nilikwenda Nakivale kumweleza. Nilimkuta mlangoni pa mashine, kichwa cheupe kwa unga. Tulizungumza mvua. Tulizungumza bei ya dizeli. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai, nikaomba cha nne nipate ujasiri, halafu nikasema gari litaniacha. Jumamosi ya pili nilirudi nikazungumza mvua tena, kwa undani zaidi.

“Profesa, uko na shida?”

“Hapana, mama. Ni kazi tu.”

“Sasa juu ya nini unazungukazunguka sawa kuku anatafuta fasi ya kutaga?”

Nyumbani hapakukalika. Nilipanga vitabu vyangu kwa majina ya waandishi, nikavipangua, nikavipanga kwa urefu, mwishowe nikavipanga kwa bei ambayo ningeviuza. Nilikwenda sokoni bila kununua kitu nikarudi kwa njia nyingine. Darasani nilitoa mfano wa sentensi wenye neno “kukata”, nikasahau kuendelea mpaka wanafunzi wakaanza kutazamana. Na kibaya zaidi, nilianza kujipenda. Mtu anayeteseka kimya kwa ajili ya mwenzake anapendeza kumtazama, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinitazama, nilijitazama mwenyewe. Nilianza hata kuandika insha juu ya kujitolea. Wasomaji wa insha zangu wanaenea kwenye pikipiki mbili, lakini kwa ajili yao niliing'arisha aya ya kwanza wiki mbili.

Mwisho wa mwezi mhasibu alinikabidhi hati ya malipo kwa mkono wake.

“Nimekata vizuri, ssebo. Katikati kabisa, kama sabuni ya mche.”

Mke wangu aliisoma hati ile, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Jumatatu hakwenda Ruharo. Alipanda gari la Nakivale.

*

Jumatano hangari yangu alikuwa langoni pa shule. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na ameshika mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua wala jua la maana. Mlinzi alikuwa amesogea pembeni ya lango lake mwenyewe.

“Profesa! Weye unanilipia deni, na haunambie?”

“Sikutaka kukusumbua, mama.”

“Kunisumbua! Nilizika bwana, nikavuka na batoto bane, nikalala kando yako weye unatapika. Leo deni ya mashine njo itanisumbua?”

“Nilifikiri watakuja kukufungia.”

“Ulifikiri. Njo shida yako, kufikiri mingi. Na siku nikikufa, bantu baseme nini ku matanga? Huyu mama alikula mushahara ya mwalimu, akanyamaza, akanenepa!”

“Ulikuwa hujui.”

“Bantu ba matanga habaulizake kama nilijua.”

Wanafunzi walikuwa wameanza kujaa madirishani. Nilimvuta kando, nikamkumbusha kwa sauti ya chini sheria yetu: wa hangari moja hawapelekani ofisini. Nilisema kwa kiburi kidogo, kama mtu anayeonyesha risiti.

Alinitazama kama anavyotazama mahindi yenye mawe.

“Hatupelekane, ndiyo. Tunaenda pamoja. Haiko kitu moja.”

Miaka yote niliyoishi na sheria ile, sikuwahi kuigeuza upande wa pili. Tulikwenda pamoja alasiri ile ile, yeye mbele na mwavuli, mimi nyuma na chaki mkononi.

Ofisi ya kodi ilikuwa na viti vizuri na ukimya. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na adabu nyingi, na alizungumza Kiingereza, kwa hiyo nikawa mkalimani wa kesi yangu mwenyewe. Aliangalia kompyuta yake. Alisema namba ni yangu, biashara ni yangu, mauzo niliyataja mwenyewe. Kwa kuwa sikuwahi kupeleka hesabu za mwaka wowote, ofisi ilikadiria kodi kwa kufuata neno langu.

Kwa miaka yangu yote Uganda, ofisi moja tu ilikuwa imeniamini bila kuniuliza mara ya pili, na ndiyo hiyo iliyonikata mshahara.

“Na huyu mama ni nani?” afisa akauliza.

Sikutafsiri. Nilimjibu kwa Kiingereza changu bora kwamba ni jirani wa zamani aliyenisindikiza. Hangari yangu akaweka kiganja juu ya meza. Amefanya biashara na Wanyankore miaka mingi. Kiingereza cha namna ile, cha kumficha mtu, anakijua vizuri kuliko anavyotaka nijue.

“Mutoto yangu,” akamwambia afisa, kwa kile Kiswahili cha sokoni wanachokielewa watu wote wa hapa, “mashine ni yangu. Huyu mwalimu kazi yake ilikuwa karatasi tu.”

Niliona kufuli. Niliiona wazi kabisa, ya shaba, mpya, inaning'inia. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

Afisa hakuinuka kuita mtu. Aliuliza mashine inaingiza kiasi gani kwa siku. Hangari yangu akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mkwe. Watu wengi hawamlipi pesa. Mtu huleta debe lake la mahindi, naye baada ya kusaga huchota kopo moja la unga, ndiyo malipo. Jioni huuza makopo hayo, au watoto huyala. Tangu posho ya chakula ipunguzwe, watu huleta nusu debe, na yeye huchota nusu kopo. Siku nyingine mashine haingurumi kabisa.

Afisa alimtazama, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi.

“Sasa hiki kiasi aliandika nani?”

Niliinua kidole kama mwanafunzi.

“Ulikipata wapi?”

Nina shahada. Nimewahi kutetea tasnifu mbele ya maprofesa watatu, mmoja wao amelala. Kidole nilikishusha.

“Kwani uliandika ngapi?” hangari yangu aliniuliza.

Nikamtajia. Midomo yake ikatikisika kidogo, kisha akacheka. Alicheka mpaka mlinzi wa mlangoni akaja kuona kuna nini, na watu wenye namba za foleni mikononi wakaanza kucheka bila kujua sababu.

“Profesa! Ile mashine yenye inakohoa sawa muzee wa tumbako! Ungenambia niko tajiri hivi, si ningeolewa tena!”

Hata afisa alilazimika kuirekebisha tai yake. Alipopata uso wake alituambia kwamba biashara ndogo kiasi hicho huenda haidaiwi kodi yoyote, ila hesabu lazima ziletwe, za kila mwaka uliopita, za kweli, pamoja na barua ya kuomba deni likadiriwe upya. Kuhusu faini za kuchelewa hawezi kuahidi chochote. Na mpaka jibu litoke, mshahara utaendelea kukatwa.

“Na kufuli?” nikauliza.

“Mambo ya kufuli si idara yangu,” akasema. “Hao wako ghorofa ya juu.”

*

Tulizitengeneza hesabu hizo kwa Jumamosi tatu, tumekalia magunia. Yeye hana daftari lakini ana kumbukumbu: mwaka ule mvua ya mawe ilipiga, mwaka ule dizeli iliadimika, mwaka aliolazwa mtoto wake wa tatu. Kila mwaka aliutaja jinsi ulivyokula, nami nikaugeuza kuwa tarakimu. Nakiri kwamba mkono ulikuwa mzito. Miaka yote nilifanya mazoezi ya kuthibitisha umaskini mbele ya watu wasioniamini, na sasa umaskini ulipokuwa ndio ukweli mtupu, kalamu iliona haya. Alikuwa akiinama juu ya bega langu.

“Hiyo ni mingi. Punguza. Unaogopa nani? Andika vile iko.”

Nikaandika vile iko.

Kuhusu mshahara alikata shauri mwenyewe, bila hangari wa tatu wala chai. Maadamu wananikata kwa ajili ya mashine, Jumamosi ya mashine ni yangu: makopo yote ya siku hiyo nitayachukua. Nilipoanza kumshukuru alinikatiza. Sitayachukua nimekaa; nitasaga.

Ndivyo nilivyokuwa kibarua wa biashara ambayo kisheria ni yangu. Jumamosi asubuhi nashuka Nakivale na shati kuukuu, namwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine, napokea unga chini, nachota kopo. Mwanzoni nilikuwa nachota kwa huruma, kopo halijai, naye akanifokea mbele ya wateja kwamba nitamfilisi. Nikachota la kujaa, wateja wakanifokea wao. Unga napanda nao gari jioni, mke wangu anauuza barazani pake kwa vifuko. Tuliachia chumba kimoja kati ya viwili. Binti yetu sasa analala nyuma ya pazia na anasema baba anakoroma Kifaransa. Hatujahama.

Jibu la ofisi lilikuja muhula uliofuata, na mhasibu akaniita tena. Safari hii nilikaa kabla sijaambiwa. Kodi yenyewe ilikuwa imefutwa karibu yote. Faini zilibaki, na zingekatwa mpaka mwisho wa mwaka ujao.

“Wewe iko na bahati, ssebo,” akasema. “Lakini advansi hapana.”

Namba bado iko kwa jina langu, kwa sababu kitambulisho kipya cha hangari yangu mpaka leo hakijatoka. Kwa hiyo kila Jumamosi, mashine ikinguruma, sikio langu moja liko barabarani. Watu wa ghorofa ya juu hawajasema neno. Naye husikiliza, najua, ingawa hakubali. Gari lolote likipunguza mwendo, kopo husimama hewani.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamume mwenye viatu safi. Nakivale, wakati wa mvua, viatu safi ni kitambulisho. Alikuwa na begi la ngozi kwapani, akairuka mitaro kwa uangalifu, akasimama mlangoni akisubiri mashine izimwe. Niliizima. Foleni nzima ya akina mama iligeuka.

“Habari za kazi. Mwenye mashine ni nani hapa?”

“Ni mimi,” nikasema.

“Ni miye,” akasema hangari yangu, wakati ule ule, akinisukuma kwa kiwiko apite mbele.

Tulitazamana. Kila mmoja alikuwa amemkasirikia mwenzake.

Mgeni alituangalia kwa zamu, kisha akachuchumaa, akafungua begi, akatoa mikanda ya mashine, miwili, myeusi, bado inanukia mpira mpya. Anazunguka vijijini anaiuza, alisema, haikatiki, na kwa leo amepunguza. Akataja bei.

Mama mmoja kwenye foleni alikohoa.

“Sasa mwenye mashine ni nani?” mgeni akauliza tena.

Hangari yangu alijipangusa unga kwenye nyusi, polepole, akanielekezea kidevu.

“Si ni Profesa? Njo yeye iko ku kartasi.”